"Sistimu Inasumbua" Si Jibu. Nionyeshe Grafu

Kuna sentensi moja ambayo kila Mkenya anaijua kwa moyo: "Sistimu inasumbua leo." Umeiskia benki. Umeiskia chuoni ukifuatilia balansi ya karo. Umeiskia hospitali ukiwa umeshika kikaratasi cha maabara. Karani anaisema bila kukuangalia machoni, wewe unaguna, unarudi kwa benchi. Hakuna anayeuliza: inasumbua wapi? Tangu saa ngapi? Kwa kiasi gani?

Mimi nasema hiyo sentensi si jibu. Ni kama upeleke gari kwa fundi halafu akuambie, "Gari inasumbua." Si hiyo unajua tayari? Ndiyo maana umeileta.

Maoni yangu leo ni haya, na najua kuna watu wa IT watanikasirikia: taasisi nyingi hazijui sistimu inasumbua wapi kwa sababu zinapima kitu kisicho. Zinaangalia kama diski imejaa. Haziangalii diski inawafanya watu wangoje kiasi gani. Hivi vitu viwili ni tofauti kabisa, na tofauti yake tunailipa sisi tulio kwa benchi.

Tushuke pole pole, hata kama hujawahi kuona seva na macho yako.

Nafasi si kasi

Kila karani akibonyeza jina lako, ombi linaenda kwa seva, na mara nyingi seva inalazimika kwenda kuitoa rekodi yako mahali imehifadhiwa. Kwa taasisi kubwa, hapo mahali si diski moja kama ya kompyuta yako ya nyumbani. Ni kabati zima la diski, kumi, mia, hata zaidi, zikihudumia seva nyingi kwa wakati mmoja. Sistimu ya mishahara iko hapo, barua pepe ziko hapo, rekodi za wateja ziko hapo, bekapu inapita hapo. Wote wanachota kisima kimoja.

Sasa uliza anayesimamia hilo kabati mambo yakoje. Atakuambia, "Tumejaza asilimia 60, bado tuko poa." Hiyo ni nafasi. Mimi nimeuliza kasi. Ghala linaweza kuwa nusu tupu na bado mlango ukawa mmoja, na watu wakapanga laini hadi barabarani.

Angalia diski ya kawaida ya kuzunguka, ile ya mizunguko 7,200 kwa dakika. Hiyo ni mizunguko 120 kwa sekunde, kwa hivyo mzunguko mmoja unachukua milisekunde 8.3. Milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde, inaonekana ndogo, lakini ngoja. Ili kusoma rekodi iliyo mahali popote, mkono wa diski lazima usogee hadi kwenye njia yake, kama milisekunde 8 au 9 kwa wastani. Halafu unangoja sahani izunguke hadi data ifike chini ya mkono, kwa wastani nusu mzunguko, milisekunde 4.2 hivi. Jumla ni 12 au 13. Gawanya sekunde moja kwa hiyo, unapata takriban maombi 80 kwa sekunde.

Themanini. Kama maombi yametawanyika huku na kule, hauwezi kuibembeleza diski hiyo ifike 500. Hapo hakuna uvivu wa mtu, ni fizikia.

Sasa fanya hesabu hii. Taasisi ina diski 10 za terabaiti 2 kila moja. Bosi anaona kuna diski moja ya terabaiti 20. Bei iko sawa, umeme utapungua, nafasi ni ile ile. Ananunua, hata anaweka ya pili ya kubeba nakala ya usalama. Kwa karatasi hakuna kilichopotea. Lakini zamani kulikuwa na mikono 10 inayotafuta, maombi 800 kwa sekunde. Sasa kuna miwili, na hiyo miwili inapaswa kuandika kila kitu mara mbili. Umeuza matatu 10 ukanunua lori mbili, halafu unashangaa mbona watu wamejaa steji.

Kuna namba tatu, na wewe unahisi moja tu

Hapo kwa steji ndipo pazuri pa kuelewa vipimo vyenyewe. Kuna namba tatu ambazo mtu anayefuatilia hifadhi ya data anapaswa kuziangalia kila siku.

Ya kwanza ni maombi mangapi yanahudumiwa kwa sekunde. Mafundi huiita IOPS. Hiyo ni matatu ngapi zimetoka steji.

Ya pili ni kiasi cha data kinachopita kwa sekunde, kwa megabaiti. Hiyo ni abiria wangapi wamebebwa.

Ya tatu ni kila ombi limengoja muda gani tangu litumwe hadi lijibiwe. Hiyo ni wewe, umesimama na begi, unaangalia saa.

Abiria hajali kampuni ya matatu imebeba watu elfu ngapi leo. Anajali yeye amesimama dakika ngapi. Lakini ukiangalia ripoti nyingi za IT, namba mbili za kwanza ndizo zinapigiwa makofi, kwa sababu zikiwa kubwa zinapendeza. Ya tatu inafichwa huko nyuma, kama ipo.

Na hizo mbili za kwanza zinaweza kukudanganya vibaya. Ile diski yetu ya maombi 80, ukiiomba vipande vidogo vya kilobaiti 4 vilivyotawanyika, inatoa kilobaiti 320 kwa sekunde. Ukiiomba faili moja kubwa iliyopangwa mfululizo, mkono hausogei sana, na diski hiyo hiyo inatoa zaidi ya megabaiti 150 kwa sekunde. Hiyo ni tofauti ya zaidi ya mara 400, kwa chuma kile kile, siku ile ile. Kwa hivyo muuzaji akikuambia "hii inatoa megabaiti 150," muulize: kwa kazi gani? Bekapu husoma mfululizo. Karani anayetafuta jina lako husoma vipande. Mzigo haujulikani kwa uzito peke yake, unajulikana pia kwa umbo.

Halafu kuna kusoma na kuna kuandika. Tangu David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley watoe andiko lao la RAID mwaka 1988, watu wamezoea kuunganisha diski nyingi ili moja ikifa data isipotee. Safi sana. Lakini usalama una bei. Kwa mpangilio wa RAID 5, kuandika kipande kidogo kimoja kunahitaji kazi nne za diski: soma data ya zamani, soma alama ya ukaguzi ya zamani, andika data mpya, andika alama mpya. Kwa RAID 6 ni sita. Kwa mpangilio wa nakala mbili mbili ni mbili tu.

Chukua diski 8 zenye uwezo wa kazi 640 kwa sekunde kwa jumla. Kama watu wote wanaandika tu na umepanga RAID 5, unabaki na maandishi 160 kwa sekunde. Ukipanga nakala mbili mbili, 320. Diski ni zile zile. Kumbukumbu ya haraka iliyo mbele ya diski inaweza kuficha hayo kwa muda, lakini ikijaa ukweli unatoka. Sasa kama hujui watu wako wanasoma kiasi gani na wanaandika kiasi gani, umechagua aje? Umebahatisha.

Gharama ya kubahatisha

Nikiwa atachimenti kwa taasisi moja ambayo sitaitaja, kila asubuhi kuanzia saa mbili sistimu ilikuwa inakwama. Watu wanajaa, makarani wanatukanwa, saa nne hivi mambo yanafunguka yenyewe. Uamuzi ukatolewa kwa mkutano: ni mtandao. Wakalipia intaneti ya kasi zaidi.

Sasa skia. Hiyo sistimu ilikuwa ndani ya jengo. Kompyuta ya karani na seva zilikuwa orofa mbili tofauti, zimeunganishwa na waya. Intaneti haikuwa inahusika hata kidogo. Pesa zikaenda, foleni ikabaki.

Kulikuwa na fundi mmoja mzee pale, tulikuwa tunamwita Mzee tu. Asubuhi moja aliwasha komandi moja ya bure kwa seva, akaiacha iandike namba kila sekunde, akaenda kunywa chai. Aliporudi tukaona. Kabla ya saa mbili diski zilikuwa zinajibu kwa milisekunde 6. Kuanzia saa mbili asubuhi, milisekunde 180. Na mzigo mkubwa haukuwa wa wateja, ulikuwa wa bekapu. Miaka ya nyuma bekapu ilikuwa inaanza saa nane usiku na kumaliza saa kumi na moja alfajiri. Data ikakua, hakuna aliyeangalia, sasa ilikuwa inamaliza saa nne asubuhi, ikigombania diski zile zile na makarani.

Ukidhani milisekunde 180 ni kitu kidogo, fanya hesabu. Tuseme ukurasa mmoja wa mteja unasoma diski mara 50, moja baada ya nyingine. Mara 50 kwa milisekunde 6 ni sehemu tatu za kumi za sekunde, huwezi hata kuhisi. Mara 50 kwa milisekunde 180 ni sekunde 9. Karani anafungua kurasa nne au tano kwa mtu mmoja. Zidisha kwa watu 200 walio kwa laini. Hapo ndipo asubuhi yako ilienda.

Bekapu ikasogezwa, ikaanza saa mbili usiku. Gharama yake: sufuri.

Sisemi hao watu walikuwa wajinga. Walikuwa na akili kuliko mimi. Kitu walikosa ni grafu. Bila grafu, anayeongea kwa sauti kubwa kwa mkutano ndiye anashinda, na kawaida anashinda na jambo linalonunulika.

Foleni haiongezeki pole pole

Kuna jambo moja kuhusu foleni ambalo likikuingia kichwani utaona dunia tofauti. Mdenmarki mmoja, Agner Krarup Erlang, alianza kulifanyia hesabu mwaka 1909 akichunguza simu za Copenhagen. Ni hili: kazi ikizidi kidogo, kungoja hakuzidi kidogo.

Chukua mhudumu mmoja, au diski moja, ambayo ombi moja linaichukua milisekunde 5. Maombi yanakuja ovyo ovyo, jinsi watu wanavyokuja. Hesabu rahisi ya foleni inasema hivi: diski ikiwa na shughuli nusu ya muda, kila ombi linachukua kwa wastani milisekunde 10, kungoja na kuhudumiwa. Ikifika asilimia 80, ni 25. Asilimia 90, ni 50. Asilimia 95, ni 100. Asilimia 99, ni 500.

Umeona hiyo kitu? Kutoka 50 hadi 80 umeongeza kazi kwa zaidi ya nusu na ukasumbuka kiasi. Kutoka 95 hadi 99 umeongeza kijiko kimoja tu cha kazi, na muda ukaruka mara tano. Ndiyo maana sistimu "ilikuwa poa jana" na leo imelala. Hakuna aliyeharibu kitu. Ilikuwa pembeni mwa shimo kwa miezi, na hakuna aliyekuwa anaangalia chini.

Na mizigo yetu ina kalenda, kila mtu anaijua. Tarehe 30 Juni ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha marejesho ya ushuru, na Wakenya tunapenda siku ya mwisho kama harusi. Kuna wiki ya kufungua chuo. Kuna mwisho wa mwezi, mishahara ikiingia. Ukipima mzigo katikati ya Februari saa tisa mchana ukasema uko sawa, hujapima. Umepiga picha barabara ya Thika saa nane usiku ukasema Nairobi haina jam.

Wastani ni ule rafiki anayekuambia unachotaka kuskia

Wengine watasema, "Sisi tunapima, tuko na dashibodi." Sawa. Inaonyesha nini? Mara nyingi ni wastani wa dakika tano.

Hesabu nyingine fupi. Maombi 100 yamepita. 99 yamejibiwa kwa milisekunde 1, moja limekwama milisekunde 900. Wastani ni karibu milisekunde 10. Dashibodi inaonyesha kijani, kila mtu anafurahi. Lakini hakuna hata mtu mmoja aliyengoja milisekunde 10! Kuna 99 waliopita kama upepo, na mmoja aliyeachwa kwa mataa. Wastani umebuni mtu ambaye hayuko.

Utasema, mmoja kati ya 100, si hiyo ni sawa? La, kwa sababu ukurasa mmoja hauombi mara moja. Ukiomba mara 50, na kila ombi lina nafasi moja kati ya 100 ya kukwama, uwezekano wa kukutana na angalau kukwama kumoja ni kama asilimia 40. Jeffrey Dean na Luiz André Barroso wa Google waliandika hilo vizuri mwaka 2013: kama kazi moja inagusa seva 100, na kila seva hukawia zaidi ya sekunde moja mara moja tu kati ya 100, basi asilimia 63 ya kazi zote zitakawia zaidi ya sekunde. Kile ulidhani ni bahati mbaya ya mtu mmoja kimekuwa maisha ya wengi.

Kwa hivyo panga maombi yote kutoka la haraka hadi la mwisho, halafu nionyeshe la 99 kati ya kila 100. Hiyo ndiyo namba ya mtu aliye kwa benchi.

Kuna video moja nataka uitafute. Mwisho wa 2008, mhandisi Brendan Gregg, wakati huo akiwa Sun Microsystems, alisimama mbele ya kabati la diski zikifanya kazi, akainama, akazipigia kelele. Walai. Alizipigia kelele kwa mdomo wake. Halafu akaonyesha grafu: wakati ule ule wa kelele, kuna maombi yaliyoruka juu kwa muda wa kungoja, kwa sababu mtetemo wa sauti ulisumbua mikono ya diski. Watu hucheka hiyo video, na ni ya kuchekesha. Lakini mimi funzo langu si kelele. Funzo ni kwamba chombo chake kilikuwa kinaonyesha muda wa maombi sekunde kwa sekunde, si wastani wa dakika tano. Weka kelele ya sekunde moja ndani ya wastani wa sekunde 300 uone kama utaiona.

"Si wanunue SSD tu?"

Hili ndilo swali naulizwa kila mara, na ni swali zuri. SSD haina mkono wala sahani, inasoma kwa sehemu ndogo ya milisekunde, na inaweza maelfu mengi ya maombi kwa sekunde. Kama rekodi za wagonjwa bado zinakaa kwa diski za kuzunguka na kuna pesa, nunueni, sitawazuia.

Lakini SSD haifuti foleni, inaisogeza. Kabati likiwa na SSD, msongamano unaweza kuhamia kwa kidhibiti kinachoziongoza, au kwa kebo zinazoliunganisha na seva, au kwa programu iliyoandikwa vibaya inayouliza swali moja mara elfu. Na ukishiriki kabati na wengine, jirani mmoja mwenye fujo bado anaweza kula kila kitu. Ile bekapu yetu ingewekwa kwa SSD, ingetulia mwaka mmoja au miwili, kisha data ikue, turudi hapo hapo. Tofauti ni kwamba sasa tungekuwa tumetumia mamilioni.

"Basi wahamie kwa wingu." Sawa, lakini wingu ni kabati la mtu mwingine, na lina mita. Diski ya aina ya gp3 kule Amazon inaanza na maombi 3,000 na megabaiti 125 kwa sekunde. Ukitaka zaidi unalipa. Ukifika mwisho wa kiwango chako hauambiwi na kengele, unapunguziwa tu mwendo. Na karani atakuambia nini? "Sistimu inasumbua."

Pingamizi la mwisho ni pesa: eti kufuatilia kunahitaji programu za bei. Ile komandi ya Mzee inaitwa iostat, iko bure kwa Linux. Prometheus na Grafana, za kukusanya namba na kuchora grafu, ni za bure pia. Kitu kinachokosekana ni mtu mmoja ambaye kazi yake, imeandikwa kwa mkataba, ni kuangalia.

Kitu nataka

Nataka vitu vinne, na sioni mbona visiwezekane.

Moja, kila taasisi inayohudumia umma iweke ahadi ya muda: maombi 99 kati ya 100 yatajibiwa ndani ya muda fulani, na saa za watu wengi zihesabiwe peke yake, zisichanganywe na usiku wa manane.

Mbili, zitunze historia ya angalau miezi 13. Ukiwa na hiyo unaweza kulinganisha Juni hii na Juni iliyopita, na unaona mzigo unakua miezi kadhaa kabla haujakufikisha pale kwa asilimia 95.

Tatu, tenda yoyote ya kununua hifadhi ya data, hasa kwa pesa za umma, iambatanishwe na grafu: mzigo wetu una umbo gani, tunasoma kiasi gani, tunaandika kiasi gani, tunangoja wapi. Bila hiyo grafu, mimi nasema tenda isifunguliwe. Unanunua dawa kabla ya kupimwa malaria.

Nne, karani aambiwe. Huyo mtu wa dirishani anatukanwa kwa kosa ambalo halijui na hawezi kulirekebisha. Akiwa na taa moja tu kwa skrini, "hifadhi imelemewa, tarajia nusu saa," atakuambia ukweli, na wewe utaamua kama utangoja au utaenda kazi urudi.

Na wewe msee wangu unayesomea IT, au unayetaka kuingia: hii ni kazi iko hapa. Hata seva za M-Pesa zilihamishwa kutoka Ujerumani zikaletwa Kenya mwaka 2015. Mashine ziko kwetu, na zinahitaji mtu wa kuzisoma. Kila mtu anataka kuunda app. Wachache sana wanajua kusema mbona app inakwama.

Anza na mashine yako leo. Kama ni Windows, fungua Task Manager, ingia Performance, bonyeza diski, angalia muda wa wastani wa kujibu wakati unafungua programu nzito. Kama ni Linux, andika iostat -x 1. Ripoti ya kwanza itakayotokea iruke, hiyo ni wastani tangu mashine iwashwe, na wastani tumeshauongelea. Zinazofuata, soma r_await na w_await, muda wa kungoja kusoma na kuandika kwa milisekunde, halafu aqu-sz, urefu wa foleni. Usitishwe wala usifurahishwe na %util pekee. Kwa SSD na makabati ya diski nyingi, inaweza kusoma 100 na bado kuna nafasi, kwa sababu yanahudumia maombi mengi kwa pamoja. Fanya hivyo wiki moja, asubuhi na jioni, uandike kwa daftari. Utaanza kuona mashine yako ina tabia, kama mtu.

Siku ukiajiriwa na mkutano uitwe, na mkubwa aseme "ni mtandao," hutahitaji kubishana naye. Utafungua grafu tu.

Mpaka hapo, sisi wengine tulio kwa benchi tuna haki ya kuuliza, kwa heshima, tena kwa sauti: "Inasumbua wapi? Tangu saa ngapi? Nani anaangalia?" Kama hakuna anayeweza kujibu hata moja kati ya hayo matatu, basi shida yao ilianza zamani kabla ya sistimu kukwama.